Silinda ya Chini

Espe mwanangu,

Umepanda kule juu Mabanga kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia kabla hujamaliza sahani mbili. Kwa hiyo nina saa hizi chache za mchana. Nimekaa hapa Kituku juu ya ile boti iliyogeuzwa kifudifudi ikingoja rangi, daftari iko magotini. Ziwa leo limetulia mpaka linatia usingizi. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, vile visamaki vyetu vidogo, inatoka ndani yake polepole, kwanza pua, halafu watu, halafu sauti zao, kama vitu ambavyo mtu anaanza kuviota. Ukiangalia kwa muda mrefu hujui tena maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Mambo ya sweta, dawa ya malaria, namba za simu na kutopanda pikipiki ya mtu usiyemjua, mama yako ameshayasema mara tatu, na anayajua kuliko mimi. Sitayarudia. Nina mambo mawili ya kukuambia. Moja tunalijua sisi wawili tu duniani, mimi na Papa Balume. La pili, mpaka leo saa sita, nilidhani nalijua peke yangu. Kesho utafika Bukavu, utalala nyumbani kwa Balume, utakula mezani kwake, na kila asubuhi utashuka naye bandarini kwenye atelie ile ya moteri aliyokutafutia kazi. Yeye hatakusimulia. Ndivyo alivyo. Basi ni lazima nikusimulie mimi.

Unajua kwamba mimi si mtoto wa ziwa. Nilizaliwa juu kule Masisi, kwenye vilima ambako asubuhi ng'ombe wanasimama ndani ya ukungu na unaona pumzi zao kabla hujaona pembe. Papa yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Ng'ombe akiugua, alikuwa anaweka sikio ubavuni mwake, anafumba macho, anabaki hivyo mpaka nadhani amelala amesimama. Kisha anasema, "Huyu atapona," au anasema, "Huyu, hapana." Sikumsikia hata siku moja akimwambia mwenye ng'ombe jambo ambalo sikio lake halikumwambia. Wengine walikasirika, wakaondoka wakimtukana. Yeye alipangusa sikio kwa kiganja na kuendelea na kazi.

Vita vilipotushusha Goma nilikuwa kijana mwenye mikono isiyo na kazi. Shefu mmoja wa moteri za boti hapa Kituku akanichukua. Siku ya kwanza alitoa bujii zote mbili, zile plagi za kutoa cheche, akaniambia niweke kidole gumba kwenye tundu la bujii, halafu akavuta kamba. Hewa ikanisukuma kidole kwa nguvu ambayo sikuitarajia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, shefu."

"Hiyo njo kompresio. Moteri yenye haina hiyo, hata uipe esansi ya mbinguni, haitakufikisha."

Wiki nzima kidole changu kilikuwa bado kinakumbuka. Nilipokuwa kanisani, nilipokuwa nakula, nilikihisi kikisukumwa. Nilijua nimepata kazi yangu.

Balume alikuwa rafiki yangu wa kwanza hapa. Yeye ni mtu wa Idjwi, alizaliwa na maji pande zote. Wakati ule alikuwa na boti yake ya mbao na moteri ya silinda mbili, akipeleka watu Idjwi na kuwarudisha na mananasi yao na maharage yao. Ndiye aliyenifundisha kuogelea, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Alinishika kidevu kwa mkono mmoja, akacheka mpaka akameza maji. "Mutu wa ngombe, piga miguu! Maji haina mukia ya kushika!"

Mama yake tulimwita Koko. Kila wiki alivuka kuja Goma kuuza mananasi na kuimba kwaya, na siku ya pili akarudi. Alikaa mbele kabisa ya boti, na njia nzima mkono wake mmoja ulikuwa majini, vidole vimefunguka, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Nilimuuliza siku moja anatafuta nini. Akasema, "Sitafute kintu. Nasalimia."

Wewe ulikuwa na miaka miwili Balume aliponiletea moteri yake. Ilikuwa imechoka, mwendo wake haupandi tena. Niliifungua yote, nikaweka segma mpya, zile pete za chuma zinazoziba hewa, kwenye pistoni zote mbili. Nilipokuwa narudisha silinda juu ya pistoni, nikasikia *tik*. Sauti ndogo, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti. Espe, wewe unajua maana ya sauti hiyo. Segma imenaswa, imevunjika. Ilinipasa kufungua tena palepale. Lakini sikuwa na segma nyingine, na kuipata ni kungoja siku nyingi. Na Balume alikuwa amesimama nyuma yangu akiwaambia watu, "Muone huyu! Muganga wa moteri!" Sikio langu lilisikia vitu viwili kwa wakati mmoja, na likachagua kile kitamu.

Asubuhi nilipima. Nilifanya kila kitu kama nilivyokufundisha wewe baadaye: moteri imepata moto kidogo, bujii zote nje, waya zimefungwa zisitoe cheche, gazi imefunguliwa mpaka mwisho, maana ikifungwa hewa haiingii na namba inashuka, kamba mara tano mpaka mshale wa kipimo ukatae kupanda. Silinda ya juu, mia na ishirini. Silinda ya chini, themanini na tano. Nikarudia. Themanini na tano. Nikatia mafuta kijiko kimoja kwenye tundu, nikavuta tena, mshale ukapanda mpaka mia na kumi. Hapo hapakubaki nafasi ya kujidanganya. Mafuta yalikuwa yanaziba pale ambapo segma ilishindwa kuziba.

Balume akafika, na Koko nyuma yake, na watu wengine saba wenye mizigo ya chumvi na sabuni na unga.

"Iko namna gani?"

Nikamwangalia usoni. Kosa lilianzia hapo: nilimwangalia usoni kabla sijasema namba. Uso wake ulikuwa umefurahi. Nikaona jinsi utakavyobadilika.

"Zote mbili sawasawa," nikasema.

Moteri iliwaka vizuri, kwa sababu ya yale mafuta niliyotia. Sauti yake ilikuwa tamu. Koko akanipungia kwa mkono uliokuwa tayari umelowa. Nilisimama pale mpaka boti ikawa doa, na doa likawa si kitu, nikajiambia kwamba labda nilisikia vibaya, labda segma moja si neno.

Katikati ya njia kile kipande kilitoka mahali pake, kikakwaruza silinda, pistoni ikakwama. Moteri ikakata ghafla. Na upepo wa mchana ukaanza. Waling'oa mbao za viti wakapigia makasia. Walitupa unga, wakatupa chumvi. Maji yaliingia mpaka yakamfikia Koko kiunoni, naye akawa anayachota kwa sufuria yake na kuyarudisha ziwani, akiimba kuwapa wengine nguvu, mpaka sauti ikaisha na akabaki anafungua mdomo tu. Jua lilipokuwa limeinama sana, wavuvi wa sambaza waliwaona, wakawavuta mpaka Idjwi.

Hakuna aliyekufa. Kwa miaka mingi nilijificha nyuma ya maneno hayo.

Balume alirudi na moteri. Tukaifungua pamoja. Silinda ya chini ilikuwa na mikwaruzo kama imelimwa. Moteri iliyokosa mafuta ya kulainisha, yale tunayochanganya na petroli, huwa na mikwaruzo pia, na mtu asiye fundi hawezi kuitofautisha. Akainama, akaangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ni mafuta? Nilipunguza mafuta kwenye esansi?"

Kile kipande cha segma kilikuwa chini ya kidole changu. Nilikihisi kikinichoma. Nikakisukuma ndani ya kitambaa.

"Inawezekana," nikasema.

Neno moja tu. Sikusema ndiyo. Nilifungua mlango tu, yeye akaingia mwenyewe na kukaa humo.

Aliachana na boti. Alirudi Idjwi kulima mihogo mlimani, mtu ambaye hajawahi kushika jembe kwa kupenda. Alimwambia kila mtu kwamba nusura aue watu wanane kwa sababu alipima mafuta haraka-haraka. Alisema mimi nilifanya yote niliyoweza. Watu wakaniheshimu zaidi, wakaniletea moteri zaidi.

Na Koko hakupanda tena boti. Idjwi ni kisiwa, Espe. Mtu anayeogopa maji pale, amebaki pale. Wajukuu wake wa Goma walibatizwa bila yeye. Kwaya ilimngoja, halafu ikaacha kumngoja. Kila nilipokwenda Idjwi kutengeneza moteri za watu nilipita kumsalimu, na nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, kiti amekigeuza ili ziwa liwe mgongoni mwake. Alikuwa ananichomea mahindi.

"Kula, mutoto wangu. Weye ulisaidia Balume. Kila siku naomba Mungu amusamehe juu ya ile mafuta."

Nami nilikula. Nakumbuka utamu wa mahindi yale na ninauonea haya.

Siku moja aliniuliza, bila kugeuka, "Maji leo iko namna gani?"

"Imetulia, Koko."

"Iko rangi gani?"

Nikamwelezea. Nikamwambia karibu na mawe ni kijani kama jani la ndizi changa, mbele kidogo ni kama maziwa yaliyotiwa maji, na mbali kabisa hakuna rangi, kuna mwanga tu. Alifumba macho. Mkono wake ulikuwa umening'inia pembeni ya kiti, na niliona vidole vinafunguka, vinatembea hewani taratibu. Alikuwa amekwenda. Alikuwa mbele ya boti, anasalimia. Sikuwa na moyo wa kumuamsha, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba sikuwa na moyo wa kusema.

Alifariki ulipokuwa na miaka kumi na mitatu. Utakumbuka nilikwenda kwenye mazishi nikakaa juma zima, na nikawaambia kwamba upepo ulinikatalia kurudi. Haukuwa upepo. Siku ya pili baada ya kumzika, mimi na Balume tulikaa kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nilijua nikirudi Goma bila kusema, sitasema kamwe.

Nikamwambia, "Ile siku silinda ya chini ilikuwa dhaifu. Nilivunja segma. Nilipima asubuhi, nikajua. Haikuwa mafuta yako."

Aliniuliza:

"Ilisema ngapi?"

"Themanini na tano."

"Na ya juu?"

"Mia na ishirini."

Alichukua kijiti, akaandika namba hizo mbili kwenye udongo, akaziangalia.

"Miaka kumi na moja," akasema, "napimaka mafuta ndani ya kichwa. Kifuniko kimoja, viwili, vitatu. Nikilala napima. Nikilima napima. Kila mara nafika tatu na najiuliza kama ile ya tatu niliimwaga kweli." Akaweka kijiti chini. "Na mama amekufa akiniombea musamaha."

Akasimama akaondoka. Siku tatu hakuniambia hata neno. Lakini kila jioni sahani yangu ya ugali ilikuja, na ilikuja na samaki. Siku ya nne aliazima boti ya jirani yake, akaniashiria kwa kichwa nipande. Akashika moteri yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu ile siku, akanileta Goma. Sijawahi kuona ziwa kama siku ile. Lilikuwa kama mafuta yaliyomwagwa, na kisiwa kilikuwa kinaelea nyuma yetu bila kugusa maji. Katikati ya njia nikamwona analia, na boti haikuacha njia yake. Nami nikalia, nikiangalia mbele. Tulipofika alisema:

"Sikusamehe leo. Pengine mwaka kesho. Pengine hapana."

Akageuza boti akarudi.

Miaka miwili ikapita. Wakati huo alikuwa amesharudi kwenye kazi ya ziwa na kuhamia Bukavu. Siku moja simu ikalia nikiwa na mikono imejaa grisi, mama yako akanishikia sikioni. Alikuwa Balume. Akasema, "Ni leo."

"Nini leo?"

"Ile kintu nilikuambia pengine. Ni leo." Na mara moja akaanza kuniuliza habari za sambaza, kama zimekuwa nyingi huku kwetu.

Sasa ukimwona kesho akikubebea mzigo na kukutania kwa kuwa wewe ni mtoto wa mtu wa ng'ombe, ujue ni nani aliyesimama mbele yako. Nilichojifunza kwake si kikubwa, na kinaingia kwenye kazi ya mikono. Ukipima moteri ya mtu, andika namba kwanza. Iandike kwa kalamu, kwenye karatasi au kwenye mkono wako, kabla hujainua macho. Halafu ndiyo umwangalie usoni. Huko Bukavu kutakuwa na nyuso za watu wazuri, watu wenye haraka, watu wanaokupenda, na hizo ndizo zitakazokuwa ngumu.

Ungefikiri kwamba mtu aliyepita hapo hawezi kurudia. Mimi nilifikiri hivyo. Sasa nakuja kwenye jambo la pili, na hili ni letu mimi na wewe.

Unaikumbuka ile siku ya Papa Gode, mwenye boti ya kubeba mchanga. Mvua ilikuwa imekatika, watu wamejaa ufukweni: wavuvi, akina mama wa samaki, wapakizi. Moteri yake nilikuwa nimeitengeneza mimi mwenyewe miezi miwili nyuma. Nilikuambia upime tu, kwa desturi. Ulipima. Ukaandika. Ukasema kwa sauti yako ya kawaida, bila kujisifu:

"Ya juu mia na kumi na tano. Ya chini sabini. Papa, tusiifunge, tuangalie ndani."

Gode akacheka. "Ee! Sasa shefu ni nani hapa?"

Watu wote walinigeukia. Na mimi, mwenye miaka hamsini na minane, niliyemzika Koko, nikasema:

"Mutoto alisahau kufungua gazi. Wasichana wanaharakishaka."

Wakacheka. Ulikipangusa kipimo, ukakirudisha kwenye kisanduku chake, ukafunga kifuniko taratibu sana, kisha ukaenda kunawa mikono. Tangu siku ile ulifanya kazi vizuri kama zamani, lakini hukuniambia tena namba kwa mdomo. Ulikuwa unaniachia karatasi mezani. Baada ya wiki tatu ukasema unataka kwenda Bukavu. Nilimwambia mama yako kwamba vijana wanapenda kusafiri.

Jumapili moja, wewe na mama yako mkiwa kanisani, boti ya Gode ilikuwa imeegeshwa hapa. Nilipima. Juu, mia na kumi na tano. Chini, sabini. Kesho yake nilimwambia Gode niachie moteri, nataka kuangalia helisi kidogo, ile pangaboi ya nyuma. Nikafungua yote, nikabadilisha segma, nikafunga, nikanyamaza. Nilijiambia moteri imepona, hakuna aliyezama, mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Juzi nilikuona unapima moteri ya yule mvuvi wa jirani. Ulifungua gazi, ukaangalia. Ukavuta kamba mara moja, ukasimama, ukaangalia tena kama gazi iko wazi. Ukavuta, ukaangalia tena. Mara tatu, Espe. Wewe ambaye mkono wako ulikuwa unajua peke yake. Hapo nikawa kama namwona Balume akihesabu vifuniko vya mafuta kwenye shamba la mihogo. Nilikuwa nimekufanyia kile kile. Nilichukua kosa langu nikakupa wewe ulibebe, na ulikuwa karibu kuondoka nalo ng'ambo ya ziwa.

Ndiyo maana leo saa sita niliacha kazi nikashuka ufukweni. Gode alikuwa anashusha mchanga, na watu walikuwa karibu wale wale. Nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Papa Gode, ile siku mutoto wangu alipima moteri yako, alipima muzuri. Gazi ilikuwa wazi mpaka mwisho. Nilimuona kwa macho yangu, mukono yake ilikuwa imeishika. Nilisema uongo juu nilikuwa na haya. Miye njo nilifunga moteri yako vibaya."

Gode aliweka koleo chini. Akaniangalia, akaanza kucheka, lakini si kicheko cha siku ile.

"Muzee, miye nilijua. Mutu hafunguaki moteri yote juu ya helisi. Na kutoka siku ile inawaka na kuvuta kamba mara moja. Nilikuwa nangoja tu nione kama utasema."

"Nimesema."

"Umesema. Sasa nani atanipimia?"

"Miye. Lakini ujue yule anapima kunipita."

Nilidhani nimemaliza, nikaanza kuondoka. Nilijisikia mwepesi, karibu nijisifu. Ndipo yule mama mnene anayeuza sambaza karibu na mawe, ambaye mimi na yeye hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu, akaniita.

"Na mutoto mwenyewe anajua?"

"Bado."

"Basi unaambia siye ya nini?"

Nilikwenda kuazima daftari hii, nikaja kukaa hapa.

Mwanangu, ulikuwa umefungua gazi. Namba yako ilikuwa ya kweli, na sababu yako ya kusema "tusiifunge" ilikuwa ya kweli. Usiangalie mara tatu. Angalia mara moja kama ulivyokuwa ukifanya, na uvute. Huondoki hapa kama msichana anayeharakisha. Unaondoka kama fundi ambaye papa yake alimwogopa kidogo. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea wivu mtoto wake mwenyewe kwa kitu ambacho yeye ndiye aliyempa. Sasa najua, na nakuambia ili siku moja ukiwa na mtu unayemfundisha, na namba yake ikawa bora kuliko yako, usishangae kitu kitakachokuuma kifuani. Kiache kikuume, umsifu.

Sikuombi unisamehe kwa sababu nimeandika vizuri. Nimekuwa na siku nyingi za kusema na nikazitumia vibaya. Hata kama utaondoka kesho bado umekasirika, kasirika tu. Boti ni pana na Bukavu ni mji mkubwa, hasira yako itapata pa kukaa. Ila usiibebe ile nyingine, ya kujitilia shaka. Hiyo ni yangu, niachie.

Ukungu umeanza kufunguka upande wa Idjwi. Mama yako anakuja kutoka juu na kitenge chake kichwani, najua ataniuliza naandika nini, na nitampa asome kabla yako, maana yeye pia nilimdanganya kuhusu vijana wanaopenda kusafiri.

Barua hii haitoshi, najua. Karatasi ni njia ya mtu mwoga. Kesho, kabla boti haijaondoka, nitakuambia haya kwa mdomo wangu, mbele ya mama yako. Ukiona naanza kuzunguka, nazungumzia mawimbi na mizigo na hali ya hewa, nikanyage mguu.

Papa yako